Faili Juu ya Faili: Kazi ya Wenzetu Inavyopotea Mikononi Mwetu

Hotuba hii niliitoa mbele ya wafasiri wa kujitolea wa programu huria (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha), Siku ya Kimataifa ya Wafasiri. Nimeiandika kwa ombi la wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wafasiri wenzangu mliosafiri usiku kucha na nyinyi mnaotusikiliza kwa simu: shikamooni wakubwa zangu, hamjambo vijana.

Nimepewa nusu saa nizungumzie kazi ya kufasiri kwa pamoja. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa wanne tukifasiri programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mmoja alikuwa Mombasa, mmoja Unguja, mmoja Maskati, na mimi Dar es Salaam. Faili lilikuwa moja, tukirushiana kwenye kundi la WhatsApp na kuliweka kwenye folda ya pamoja. Yule wa Unguja, dada mmoja mwalimu wa sekondari, alifanya kazi usiku wa Ramadhani. Akitoka tarawehe anakaa na kompyuta mpaka daku. Kwa usiku 11 alifasiri sentensi 340.

Mimi wakati huo nilikuwa safarini mahali pasipo na mtandao, nina faili la wiki mbili nyuma. Nilisahihisha sentensi 25. Niliporudi mjini nikafungua folda ya pamoja na kulipakia faili langu. Kompyuta ikaniuliza kama nataka faili langu lichukue nafasi ya lililopo. Nikabonyeza ndiyo, nikaenda kulala.

Siku ya tatu simu ikalia. "Kaka, mbona sizioni sentensi zangu?" Nikafungua. Zangu 25 zilikuwepo. Zake 340, hakuna hata moja. Kwenye kompyuta yake pia hazikuwepo, kwa sababu alikuwa amelipakua faili jipya asubuhi ile, kwa jina lile lile, likakaa juu ya la kwake. Mimi nilifuta nakala ya kwanza, na nikamfanya yeye, kwa mkono wake, afute ya pili.

Hakugomba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, kheri." Hakufasiri tena na sisi.

Tulizifasiri upya sisi watatu waliobaki. Lakini nataka niwaonyeshe sentensi moja tu mjue kilichopotea. Ni ile inayotokea muuguzi anapotaka kufuta kumbukumbu za mgonjwa. Yetu ya pili ilisema: "Je, una uhakika unataka kufuta rekodi ya mgonjwa huyu? Kitendo hiki hakiwezi kutenguliwa." Yake, ambayo naikumbuka kwa kuwa aliwahi kuituma kwenye kundi ili tuijadili, ilikuwa: "Ukizifuta kumbukumbu za mgonjwa huyu hazitarudi. Uzifute?" Mnaisikia tofauti. Ile yetu inanuka Kiingereza toka mwanzo mpaka mwisho. Yake ni mtu anaongea na mtu. Sentensi kama hiyo haiji kila siku, na huwezi kumwagiza mtu airudie.

Kwa hiyo tuelewane kilichotokea. Watu wawili wanachukua nakala moja ya asili. Kila mmoja anafanya mabadiliko yake. Wa kwanza anahifadhi, wa pili anahifadhi juu yake. Anayebaki ni wa mwisho kuhifadhi, hata kama kazi yake ni ndogo kuliko zote. Kompyuta haioni kosa lolote: imeambiwa weka faili, imeweka. Hakuna king'ora. Ndiyo maana ilipita siku tatu kabla hatujajua.

Wapo watakaoniambia dawa yake ni faili liwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Anayelishika atangaze, wengine wangoje. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Dawa hiyo ni ya zamani hata kwa watengenezaji programu: mifumo yao ya kwanza, ya miaka ya 1970 na 1980, ilifanya hivyo hivyo, unafunga faili, unafanya kazi, unafungua. Kwa watu wanaokaa chumba kimoja inafaa. Sisi mmoja yuko Maskati, ametutangulia saa nzima, mwingine umeme umekatika, na mwingine ameuguliwa na mtoto akaondoka na ufunguo. Tulijaribu. Wiki mbili faili lilifungwa na mtu aliyekuwa hata hakumbuki kama amelifunga.

Ninachowasihi leo ni kuacha kufikiri kwa mafaili na kuanza kufikiri kwa sentensi.

Mmewaona akina mama wanaotengeneza mikeka. Hakuna anayeng'ang'ania mkeka mzima. Kila mmoja anasuka ukili wake, huyu kwake na yule kwake, na mkeka unashonwa baadaye kwa kuunganisha. Ukili mmoja ukikosewa, unafumuliwa huo. Tafsiri nayo iunganishwe hivyo. Ili kompyuta iweze kuunganisha inahitaji kuona vitu vitatu: sentensi ilivyokuwa mwanzo, ilivyo kwangu sasa, na ilivyo kwako sasa. Kama kwangu imebadilika na kwako haikubadilika, inachukua yangu. Kama kwako imebadilika na kwangu la, inachukua yako. Ikibadilika kwetu sote wawili kwa maneno tofauti, inasimama na kuuliza. Mimi nilipobonyeza ndiyo usiku ule, kompyuta haikuwa na hicho cha mwanzo mbele yake. Ilikuwa na faili mbili tu, ikala moja.

Programu za kazi hii zipo na ni za bure. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huweka historia nzima ya kila badiliko na aliyelifanya. OmegaT, programu ya kufasiria ambayo wengi wenu mnaitumia, ina mradi wa timu: kila inapohifadhi, na kwa kawaida hujihifadhi kila baada ya dakika 3, hupeleka sentensi zako kwenye ghala la pamoja na kukuletea za wenzako. Mtandao ukikatika unaendelea na kazi, ukirudi inalinganisha. Mkiwa mmefasiri sentensi ileile kwa maneno tofauti, itakufungulia dirisha uone yako, ya mwenzako na ya awali, uchague.

Naomba niseme neno juu ya dirisha hilo, kwa sababu watu wanaliogopa. Likitokea wanadhani wameharibu, wanabonyeza "yangu" haraka ili liondoke. Ndugu zangu, dirisha hilo ni rafiki yenu. Laiti ningelipata mimi usiku ule! Mgongano unaoonekana haujapoteza kitu bado. Sentensi zote mbili zipo mbele yako, zinangoja uamuzi. Soma zote mbili kwa sauti. Ya mwenzako ikiwa bora, chukua ya mwenzako. Huna uhakika, mpigie.

Sasa, kwa wale mnaofanya kazi moja kwa moja na mafaili ya PO (yale yanayobeba kila sentensi ya Kiingereza pamoja na tafsiri yake) kwenye Git, kuna mambo mawili yanayowasumbua bila sababu. La kwanza ni kichwa cha faili. Pale juu kuna mstari wa tarehe ya marekebisho ya mwisho na mstari wa jina la mfasiri wa mwisho. Programu nyingi za kuhariri PO huibadilisha mistari hiyo kila unapohifadhi. Matokeo yake watu wawili ambao hawajagusa sentensi moja wanagongana kwenye tarehe! Hapo hakuna cha kujadili: acha tarehe iliyo mpya, endelea. La pili ni upana wa mistari. Programu moja hukata mstari mrefu ukikaribia herufi 80, nyingine huuacha hivyo hivyo. Ukilifungua faili la mwenzako na programu inayokata tofauti, ukahifadhi bila kubadilisha hata neno, Git inaona mistari mamia imebadilika. Kubalianeni upana mmoja, kila mtu aweke mpangilio huo huo, mwisho wa habari.

Na Git ikishindwa kuunganisha, ikaacha alama zake ndani ya faili, ile mishale saba inayotazama kushoto, alama saba za sawasawa, na mishale saba inayotazama kulia, usilisukume faili (yaani usilipeleke kwenye ghala la pamoja) mpaka ziondoke zote. Pitisha kwanza msgfmt, programu ndogo inayokagua faili la PO na kulijenga. Faili lenye alama hizo halijengeki, na mtengenezaji programu aliye Ulaya asiyejua Kiswahili huenda akachukua njia fupi ya kurudisha faili la mwezi uliopita. Hapo hamjapoteza sentensi moja, mmepoteza mwezi.

Msidhani huu ni ugonjwa wa kompyuta. Siku hii ya leo, tarehe 30 Septemba, imewekwa kwa kumkumbuka Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Maandiko aliyefariki Bethlehemu mwaka 420. Alipokuwa Roma aliisahihisha tafsiri ya Kilatini ya Zaburi. Baadaye akaandika kwa Paula na Eustokio, wanawake wawili waliomtaka aifanye tena, akilalamika kwamba wanakili wameiharibu upya na kwamba kosa la zamani limepata nguvu kuliko sahihisho jipya. Mnakili alikuwa na nakala ya zamani kichwani au mezani, akaandika ile aliyoizoea, na kazi ya mzee ikafutika. Faili juu ya faili, miaka 1,600 iliyopita.

Na angalieni alichokifanya mara ya pili. Aliweka alama: nyota mahali alipoongeza neno kutoka Kiebrania, na kistari chenye nukta mahali ambapo Kigiriki kina neno ambalo Kiebrania hakina, akawasihi wanaonakili wazitunze. Alitaka msomaji ajue kila neno limetoka wapi. Nakala nyingi za baadaye ziliziacha alama hizo, na maneno yakachanganyika. Alama zile ndizo maoni tunayoyaandika leo juu ya sentensi ndani ya faili la PO. Wengi wetu tunaziona kama takataka. Tunazifuta.

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu upotevu mkubwa katika miradi yetu haufanywi na Git wala na folda ya pamoja. Tunaufanya sisi kwa kukanyagana.

Nitatoa mfano mnaoujua. Kuna sentensi inayomwambia mtumiaji kwamba faili limeshafutwa. Mmoja wetu aliandika "Faili imefutwa". Mwingine akapita, akaiona, akaandika "Faili limefutwa", kwa sababu kwake faili ni la ngeli ya li-ya, wingi wake mafaili. Aliipitia miradi yote, sentensi karibu 200, akibadilisha i kuwa li. Wiki ileile mwenzetu wa Mombasa alikuwa akizipitia sentensi hizo hizo kurekebisha jambo jingine: mahali penye idadi. Programu inahitaji umbo la umoja na umbo la wingi, "Faili %d imefutwa" na "Faili %d zimefutwa" (%d ni mahali inapoingia namba), na mfasiri wa awali alikuwa ameandika umbo moja kote, hata faili 12 "imefutwa". Yule wa li alipokutana na madirisha ya mgongano, akachagua "yangu, yangu, yangu", kwa sababu aliona i imerudi na ikamkera. Hakuona kwamba pamoja na i hiyo alikuwa anatupa masahihisho ya wingi yote. Alikuwa na haki katika ngeli. Mwenzake alikuwa na haki katika hesabu. Kilichobaki kwenye programu kilikuwa haki ya mmoja tu.

Vivyo hivyo kompyuta na tarakilishi. Mkenya anaweka tarakilishi kama alivyofundishwa shuleni, Mtanzania anaweka kompyuta, Mkenya anarudisha. Neno la siri, nenosiri, nywila: nimeona sentensi moja yenye historia ya mabadiliko 9 na yote ni maneno hayo matatu yakizunguka. Na kila mzunguko, sahihisho dogo la mtu mwingine, koma, kiambishi, alama ya asilimia, linakwenda na maji. Mabishano ya istilahi yafanyike nje ya sentensi. Yafanyike kwenye faharasa (orodha yetu ya istilahi), mezani, kwa hoja, na likishakubaliwa neno liandikwe pamoja na jina la aliyelipendekeza na sababu yake. Walimu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 walikusanya faharasa ya istilahi kwa ajili ya kazi ile, na sisi tunaokuja nyuma yao hatuna udhuru. Mkishakubaliana "kompyuta", basi hata wewe unayeipenda tarakilishi, na mimi naipenda, utaandika kompyuta katika mradi huo.

Kuna upotevu mwingine ambao hauna mtu wa kumlaumu. Matini chanzi hubadilika. Mtengenezaji anaongeza neno moja kwenye Kiingereza chake, na tafsiri yako iliyokuwa nzuri inawekewa alama ya shaka. Mtumiaji kule zahanati haioni tena, anaona Kiingereza. Tafsiri yenyewe haijafutwa, ipo palepale ndani ya faili, inangoja mtu aithibitishe. Nimewaona vijana wenye bidii wanaokutana na sentensi hizo, wanafuta kilichopo na kuanza upya. Msifute. Linganisheni Kiingereza cha zamani na kipya, mara nyingi utabadilisha neno moja tu na kuondoa alama. Hata zile zinazoshushwa mwisho wa faili kwa kuwa hazitumiki tena, ziacheni zilale huko. Sentensi iliyoondolewa toleo hili huweza kurudi toleo lijalo.

Wenye kutumia majukwaa ya mtandaoni, Weblate na mengine ya jamii yake, mna usalama zaidi, kwa kuwa kila sentensi huhifadhiwa peke yake na historia yake. Jambo hili Waafrika tulilishughulikia mapema: Pootle, jukwaa lililowasaidia wafasiri wa lugha nyingi duniani, lilitoka Afrika Kusini, kwa watu waliotaka programu zisomeke katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi nchini mwao wakati huo. Hatari iliyobaki ni mbili. Moja ni kupakia faili zima ulilolifanyia kazi nyumbani: jukwaa litakuuliza lifanye nini na sentensi zilizokwisha fasiriwa. Chagua zijazwe zilizo tupu tu, na nyingine ziingie kama mapendekezo. Ya pili ni mradi wenye milango miwili, wengine wanafasiri jukwaani na mmoja anahariri faili kule kwenye ghala. Huyo mmoja, kabla hajagusa, alifunge jukwaa, asukume yaliyomo yote, avute (alete kwake yaliyomo ghalani), afanye kazi yake, asukume, ndipo afungue. Dakika 10 hazizidi.

Na kabla ya yote hayo, vuta kwanza. Kila unapokaa, vuta kabla hujaandika herufi. Kila ukimaliza sentensi 20, sukuma. Usikae na kazi ya wiki mbili kwenye kompyuta yako kama nilivyokaa mimi.

Nimalizie na yule dada. Mwezi uliopita, nilipokuwa natayarisha maneno haya, nilirudi kwenye ule mradi. Sasa uko kwenye Git. Nikaitafuta sentensi yetu ya kumbukumbu za mgonjwa, ile ya kitendo kisichoweza kutenguliwa, nikaitoa, nikairudisha ya kwake neno kwa neno. Kwenye maelezo ya badiliko nikaandika kwamba ni tafsiri yake na kwamba ilipotea kwa kosa langu. Kisha nikampigia picha ya skrini, nikamtumia, sikutegemea jibu.

Alijibu usiku. Aliandika: "Ahsante kaka. Ila hiyo 'Uzifute?' inaweza kumchanganya mtu aliyechoka, anaweza kudhani ni amri. Weka 'Bado unataka kuzifuta?'"

Nikavuta kwanza. Nikabadilisha maneno hayo. Nikasukuma, kwa jina lake.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.